Samaki, Ndimu na Barafu



Nimeombwa nizungumzie samaki wa viungo anayekaangwa kwa mafuta machache, pamoja na kachumbari ya pilipili inayokwenda naye. Kila aliyeketi humu amekula chakula hiki, na wengi wenu mnakipika bila kupima chochote. Nimekuja na dai moja, nami nitalitetea hatua kwa hatua, kuanzia sokoni hadi mezani. Mengi tunayomfanyia samaki jikoni leo yalianza kama njia za kumhifadhi asioze. Siku hizi barafu imefika karibu kila bandari, lakini mikono yetu bado inapika kana kwamba haipo.

Turudi nyuma kidogo. Pwani yetu joto la mchana hufika nyuzi 30 na kuzidi. Samaki aliyetoka majini alfajiri akalala kwenye tenga bila kivuli, adhuhuri ameanza kunuka. Wazee wetu walikuwa na njia zao za kumwokoa. Walitumia chumvi na jua, wakatupatia ng'onda na papa mkavu. Walitumia moshi, ambao hadi leo watu wa maziwani wanautumia kwa sangara na kambare. Na walitumia mafuta ya moto. Hii ya mwisho watu hawaihesabu kuwa hifadhi, lakini ndivyo ilivyo. Samaki akikaangwa mpaka akauke kabisa, maji yake yamekwisha, na bakteria wa kuozesha hawastawi pasipo maji. Atalala mpaka kesho bila jokofu, na kesho atatiwa kwenye mchuzi wa nazi alainike tena.

Nendeni soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, mkawatazame wakaangaji na makarai yao. Samaki wanatoka mle wakiwa wagumu, wekundu, wamekauka mpaka mapezi yanavunjika. Mkaangaji yule yuko sahihi. Samaki wake atabebwa kwenye ndoo au sinia, atauzwa mtaani jioni, na kipande kitakachobaki kitaliwa asubuhi. Anapika kwa ajili ya safari ile. Mimi nagombana na jambo jingine: sisi tulionunua changu asubuhi hii, tukamlaza kwenye barafu, na tunataka kumla nusu saa baada ya kumtoa jikoni, bado tunamlaza kwenye ndimu tangu mchana, tunamtia chumvi ya ng'onda, na tunamkaanga kama anasafiri kwenda Dodoma. Tunalipa bei ya samaki mbichi kisha tunakula samaki mkavu.

Basi tuanzie sokoni, kwa sababu viungo havimfufui samaki aliyekwisha kuharibika.

Alama za samaki mzuri mnazijua: jicho lililojaa na kung'aa, matamvua mekundu ukiinua kifuniko cha shavu, tumbo gumu, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Harufu yake iwe ya bahari. Mkikuta samaki ambaye kwa nje anapendeza lakini nyama yake imelegea, uti wa mgongo umevunjika na damu imevilia ndani, mwacheni. Huyo huenda ameuawa kwa baruti. Uvuvi huo umepigwa marufuku, unavunja matumbawe ambayo samaki wenyewe huzaliana humo, na mlaji akikataa kumnunua, mpigaji baruti atakosa soko.

Hapa naomba nikae kidogo, maana kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha majumbani. Jodari, nguru, vibua, fulusi na hata dagaa wana kwa wingi katika nyama yao kitu kinachoitwa histidini. Samaki hao wakiachwa kwenye joto baada ya kufa, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Mtu akimla, mara nyingi ndani ya saa moja uso unamwiva wekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio, na pengine ulimi unahisi ukali kama wa pilipili kabla hata hajaonja kachumbari. Wengi wakishapatwa na hayo husema, "Jodari haniafiki," na wanamwacha maisha yao yote. Wapo wenye mzio wa kweli wa samaki, na hao wamsikilize daktari. Lakini wengine kosa halikuwa la mwili wao, lilikuwa la tenga lisilo na barafu.

La kutisha ni kwamba histamini ikishaingia haitoki. Moto hauiondoi, kugandisha hakuiondoi, na ndimu haiiondoi. Samaki huyo anaweza asinuke, na jicho lake likawa bado zuri. Kinga yake ni baridi ya nyuzi 4 au chini yake, kuanzia chomboni mpaka jikoni. Kwa hiyo ukinunua jodari au nguru, usimwangalie samaki peke yake. Muulize muuzaji alilala wapi usiku, na tazama kama kuna barafu ya kutosha chini yake na juu yake. Ukiwa na mwendo mrefu kufika nyumbani, nunua barafu ya kutosha umfunike. Barafu hiyo ndiyo kiungo cha kwanza cha chakula cha leo, na ndiyo inayotupa ruhusa ya kupunguza vingine.

Kumpaa na kumtumbua samaki sitawachosha nako. Nitasema mawili tu. La kwanza ni la tasi. Miiba ya mgongoni na tumboni mwake ina sumu, na uchungu wake ni mkali. Ikikuchoma, zamisha mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kwa sababu joto huivunja sumu ile. La pili ni utando mweusi wa ndani ya tumbo na damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo. Vikwangue kwa kijiko mpaka viishe. Uchungu mwingi unaosingiziwa samaki unatoka hapo.

Baada ya kumwosha, mkaushe. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na mimi ningeiweka mbele ya viungo vyote vya kinuni. Maji hayapandi juu ya nyuzi 100 kabla hayajawa mvuke. Ngozi ikiwa na maji, kikaango chako kwanza kitafanya kazi ya kuyachemsha maji yale, na samaki atachemka badala ya kukaangika. Rangi ile ya kahawia na harufu inayoita majirani ni kazi ya protini na sukari zikikutana kwenye joto la nyuzi 140 na zaidi. Mkemia wa Ufaransa, Louis-Camille Maillard, ndiye aliyeeleza badiliko hilo mwaka 1912, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kwenye ngozi iliyolowa, joto hilo halifikiwi mpaka maji yaishe, na yanapoisha nyama ya ndani imekwisha kupita kiasi. Chukua kitambaa safi, mfute samaki nje na ndani, kisha mlaze kwenye sahani ndani ya jokofu bila kumfunika kwa nusu saa. Ngozi ikishikwa iwe kavu, inanata kidogo kwenye kidole.

Sasa ndimu. Watu wa pwani tunamwosha samaki kwa ndimu ili kuondoa shombo, na sayansi inatuunga mkono. Samaki wa baharini wana kemikali mwilini inayowasaidia kuishi kwenye maji ya chumvi. Wakifa, bakteria huigeuza kuwa trimethilamini, nayo ndiyo shombo lenyewe. Asidi ya ndimu huishika trimethilamini isipae hewani, na pua haiipati. Kwa sato na samaki wengine wa mabwawa ndimu ina kazi ya ziada: ile ladha ya tope inatokana na jeosmini, inayotengenezwa na vijidudu vya majini na vya udongoni, na asidi huivunja. Kwa hiyo siwaambii mwache ndimu. Nawaambia mtazame saa.

Nyama ya samaki si ya ng'ombe. Nyuzi zake ni fupi, na kile kinachoziunganisha huyeyuka kwenye joto dogo tu. Haihitaji kulainishwa. Asidi ikikaa juu yake inaikaza: protini zinajikunja, nyama inageuka nyeupe na kutoa maji. Watu wa Peru wanaitumia nguvu hiyo kwa makusudi katika ceviche, ambapo samaki mbichi "huiva" kwa ndimu pasipo moto, na huliwa muda mfupi baadaye. Nao wanajua kwamba ndimu haiui minyoo wala vijidudu vyote, ndiyo maana huchagua samaki kwa uangalifu mkubwa. Sisi tunamlaza samaki kwenye ndimu tangu mchana, anaiva kwa asidi, halafu tunampeleka kwenye moto akaive tena. Mtu akitafuna akihisi makapi, anasema samaki alikuwa mzee. Tena asidi huchelewesha ile rangi ya Maillard, kwa hiyo mpishi anaendelea kuacha samaki motoni akingoja wekundu ambao hauji.

Mpangilio wangu ni huu. Chumvi iende kwanza, peke yake. Kwa kilo moja ya minofu, kijiko kimoja na nusu cha chai kinatosha. Paka, acha dakika ishirini. Utaona matone juu ya nyama: chumvi imeyavuta maji kutoka ndani. Yafute. Nyama imekaza kidogo na haitapasuka kirahisi ukiigeuza.

Wakati chumvi inafanya kazi, twanga viungo. Mimi hutumia punje nne au tano za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kinacholingana na kidole gumba, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga, nusu ya bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, na robo kijiko cha bizari ya manjano. Manjano naipunguza kwa sababu ni mwongo: inampa samaki rangi kabla moto haujafanya lolote, na mpishi mchanga anadhani ameiva. Ongeza kijiko kimoja cha mafuta ili harufu ya viungo itembee, maana harufu nyingi za viungo hukaa kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ndimu, kamulia nusu tu, dakika kumi kabla ya kukaanga. Sato wa bwawani mpe dakika ishirini.

Wapi pa kupaka? Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Mazoea yetu ni kumpaka samaki viungo kila mahali, nje na ndani, mpaka awe na koti. Akifika kwenye mafuta, kitunguu saumu kinaungua kabla ya samaki kuiva, kinakuwa cheusi na kichungu, na mafuta yote yanaharibika. Samaki mzima, mchanje mara tatu kila upande, mpaka karibu na mfupa. Viungo vishindilie ndani ya michanjo na tumboni. Kisha chukua kitambaa ufute ngozi ya nje, isibaki hata chembe ya saumu juu yake. Minofu, paka upande wa nyama peke yake, na wa ngozi uache na chumvi yake tu. Viungo vitakolea kutoka ndani, na ngozi itabaki huru kukutana na chuma.

Kikaango kiwe kizito. Chuma kizito kinashika joto, na samaki wa baridi akitua juu yake hakizimi. Kikaango chepesi cha bati kinapoa mara samaki anapotua, anaanza kutoa maji, na mapishi yameharibika katika sekunde za mwanzo. Kipashe kwanza kikiwa kitupu. Dondosha tone la maji: likitawanyika na kuchemka, bado, likijikusanya likakimbia juu ya chuma kama shanga, joto limefika. Futa tone hilo, tia mafuta ya kufunika sakafu ya kikaango tu, subiri yaanze kumeta na kutembea haraka ukikiinamisha. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani yana harufu nzuri, lakini huanza kutoa moshi mapema kuliko ya alizeti yaliyosafishwa, kwa hiyo ukiyatumia punguza moto kidogo.

Mlaze samaki kwa kuanzia upande ulio karibu nawe, ukimshusha kuelekea mbele, ili mafuta yakiruka yaruke mbali na mkono. Ngozi chini. Atajikunja, kwa sababu ngozi inasinyaa kwa joto. Mbonyeze kwa mwiko wa bapa kwa nusu dakika mpaka atulie. Baada ya hapo, mikono nyuma. Kwa dakika mbili za kwanza samaki ameshikana na chuma, na ukimvuta utaacha ngozi kikaangoni. Ngozi ikikauka na kuwa kahawia inaachia yenyewe. Ukimsukuma taratibu kwa ubavu akateleza, yuko tayari kugeuzwa. Akigoma, mpe muda.

Mnofu wa unene wa sentimita 2 huchukua kama dakika nne upande wa ngozi, kisha dakika moja au moja na nusu upande wa nyama. Tazameni ubavu wake: weupe unapanda kutoka chini polepole, na ukifika theluthi mbili ndipo unapomgeuza. Changu mzima wa nusu kilo anataka moto wa wastani, dakika tano hadi sita kila upande. Kujua kama ameiva, chomeka kijiti cha meno pale nyuma ya kichwa, palipo panene. Kipite bila kukwama, na nyama iachane na mfupa bila wekundu. Wenye kipimajoto, mamlaka za chakula za Marekani hupendekeza nyuzi 63 katikati ya nyama. Mtoeni nyuzi chache kabla, maana joto lililobaki ndani yake litamalizia kazi sahanini. Msimfunike, mvuke utailainisha ngozi mliyoihangaikia.

Ndugu zangu, niingie sasa kwenye kachumbari. Wapishi wengi wanaiona ni ya kujazia sahani, na mimi naipa nusu ya heshima ya chakula hiki.

Pwani hii imekula wali na samaki pamoja na kitu kichachu na kikali kwa muda mrefu sana. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa, na aliandika alichopewa kula: wali wenye samli, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni ndimu za achari, vishada vya pilipili vilivyowekwa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Akaeleza kuwa wenyeji walikula tonge la wali kisha wakafuatiza vile vichachu. Pilipili aliyoiona haikuwa hii tunayoikata leo. Pilipili zetu za kuwasha, na nyanya pia, zina asili ya Amerika, na hazikuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kachumbari ya nyanya na pilipili mbuzi ni mgeni aliyepokewa kwenye kiti kilichokuwa kimeandaliwa karne nyingi. Embe bichi, ndimu na tangawizi walikuwapo wakimngoja. Ndiyo maana mimi hutia embe bichi kwenye kachumbari ya samaki kila msimu wake unapofika, na nawaomba mfanye hivyo.

Kwa watu wanne, chukua vitunguu maji viwili, nyanya tatu ngumu, tango dogo, nusu ya embe bichi, pilipili mbuzi moja, fungu dogo la kotmiri na ndimu mbili. Vitunguu vikate vyembamba kiasi cha kuona kisu kupitia kwavyo. Vinyunyizie kijiko cha chai cha chumvi, kisha vifikiche kwa ncha za vidole mpaka vilegee na kutoa maji yenye povu. Kitunguu kikikatwa, vimeng'enya vyake vinaanza kutengeneza ule ukali unaoliza macho na kubaki mdomoni mpaka jioni. Chumvi inauvuta nje pamoja na maji. Suuza mara mbili kwa maji baridi, kamua kwa kiganja, usivinyonge. Vitabaki vitamu na vyenye kukatika menoni. Bibi zetu wamefanya hivi miaka yote, na siku hizi naona mikahawani wanaruka hatua hii kwa haraka ya kazi. Mlaji anaondoka na kitunguu, samaki amesahaulika.

Nyanya ziondoeni maji na mbegu, mkate ganda nene peke yake. Tango vilevile. Pilipili mbuzi ina mambo mawili yanayoishi vyumba tofauti. Harufu yake, ile inayofanana na tunda, iko kwenye ganda. Ukali uko zaidi kwenye utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Anayetaka harufu bila moto mkali aukwangue utando. Anayetaka vyote auache. Pakeni vidole mafuta kabla ya kuishika, na mkimaliza pakeni tena kabla ya sabuni, kwa sababu kapsaisini, ambayo ndiyo ukali wenyewe, inayeyuka kwenye mafuta na haijali maji. Kwa sababu hiyohiyo, aliyewashwa mpeni mtindi au maziwa. Maji yatamtembezea moto mdomo mzima.

Na mbona ukali huo unakwenda vizuri na samaki wa moto? Mwaka 1997 David Julius na wenzake nchini Marekani walitambua kipokezi cha neva kinachoamshwa na kapsaisini, na kipokezi hicho ndicho kinachotuambia kitu kimezidi nyuzi 43 au hivi. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2021, akishirikiana na Ardem Patapoutian. Kwa mlaji maana yake ni kwamba pilipili na joto vinagonga mlango mmoja. Pilipili ikipikwa ndani ya chakula cha moto hugonga kwa nguvu mara mbili na kuifunika ladha ya samaki. Ikija ndani ya kachumbari ya baridi yenye ndimu, mdomo unapata moto na kivuli kwa pamoja, na samaki anasikika. Ndiyo sababu samaki wangu simtii pilipili ya kuwasha kabisa, wala kichaa wala mbuzi. Ukali wote naupeleka kwenye bakuli la kachumbari, na kachumbari naiweka jokofuni mpaka samaki ageuzwe.

Chumvi na ndimu vitiwe mwisho, samaki akiwa anapumzika sahanini. Vikitiwa mapema, nyanya na tango vinatoa maji, na unapeleka mezani supu. Wenye watoto watenge bakuli lao kabla ya kutia pilipili.

Kachumbari ni chakula kibichi, kwa hiyo hakuna moto wa kurekebisha uzembe wetu. Mnakumbuka kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani. Mboga zioshwe kwa maji salama, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Ubao na kisu cha samaki visiguse nyanya. Kata mboga kwanza, uzihifadhi, ndipo umshike samaki. Wanafunzi wangu, kwenye mtihani wa vitendo mtu akinikatia kachumbari kwenye ubao wa samaki, sitaonja kilichobaki.

Mtu ataniuliza, na ana haki kuuliza: changu na nguru tutawapata kwa fedha gani? Kweli, kusi ikivuma, vyombo vidogo haviendi mbali na bei inapanda. Nami nawajibu kwamba namna hii ya kukaanga inamfaa zaidi samaki wa bei nafuu. Chukueni vibua. Huvuliwa kwa wingi siku za giza, mwezi usipokuwapo, kwa sababu wavuvi huwavuta kwa taa. Wana mafuta yao wenyewe, ngozi yao ni nyembamba na hukauka haraka, na wakizamishwa kwenye karai mafuta hayo mazuri yanaishia karaini. Wao ni jamaa za jodari, kwa hiyo sharti la barafu liko palepale, tena kwao ni kali zaidi, maana ni wadogo na wanashika joto upesi.

Mtumbue kibua, mpasue kwa upande wa tumbo mpaka afunguke kama kitabu, umtoe mfupa wa kati kwa vidole. Chumvi dakika kumi, futa. Saumu na tangawizi kidogo upande wa nyama, bila bizari yoyote. Ndimu usimpake kabisa kabla ya moto. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha kikaango kizima, kwa sababu atatoa yake. Dakika mbili na nusu ngozi chini, umgeuze kwa sekunde thelathini, umtoe. Kachumbari ni ileile, ila hapo zidisha embe bichi na upunguze nyanya, maana mafuta ya vibua yanataka uchachu zaidi. Na pasipo embe, ukwaju uliolowekwa na kuchujwa, vijiko viwili juu ya vitunguu.